Picha ya babu na Ford ya zamani: gari lilikuwa lake au alikuwa dereva tu?

Mjukuu_wa_Tanga

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, hasa nyie mnaojua magari ya kizamani na mnaotunza picha. Bibi alipofariki tulifungua sanduku lake tukakuta picha ya babu mzaa mama, saizi ya postikadi hivi, kavaa kanzu na koti juu yake na kofia, kasimama mbele ya gari la wazi lenye turubai, mkono mmoja kauweka juu ya taa. Kwenye usukani hakuna mtu. Rejeta imeandikwa Ford, ni nyeusi, magurudumu yana njiti nene za mbao, madigadi yamepinda kama upinde, na chini ya rejeta kuna chuma kinaning'inia. Usukani naona uko kulia.

Sasa mama anasema gari lilikuwa la babu ndo maana akapiga nalo picha, mjomba anakataa, anasema alikuwa dereva wa mzungu wa mashamba ya mkonge, na hili neno limeshaleta ubishi vikao viwili vya ukoo. Tarehe hakuna, nyuma pamefutika. Je picha yenyewe inaweza kutuambia ni miaka gani na gari la nani?

FundiChuma

Mkuu poleni na msiba. Hiyo ni Ford ya aina ya Model T. Zilitengenezwa kuanzia 1908 mpaka 1927, zaidi ya milioni 15, lakini usikate tamaa kwamba ni nyingi, kuna pa kushika. Mpaka toleo la 1916 rejeta ilikuwa ya shaba, inang'aa kabisa hata kwenye picha ya zamani, na madigadi yalikuwa bapa. Rejeta nyeusi na madigadi ya kupinda vimekuja na toleo la 1917, kwa hiyo hapo nyuma huwezi kwenda. Halafu angalia ukingoni mwa gurudumu karibu na tairi, ukiona nati kadhaa zimezunguka basi ni ringi za kufunguka, hizo zimeanza 1919. Na Waingereza wameiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani Julai 1916, so inaingiana. Ila hiyo ni tarehe ya gari, sio ya picha, gari lilitumika miaka mingi.

Usukani kulia pia unasema kitu. Ford za kuja kwenye makoloni ya Mwingereza zilikuwa zinatoka kiwanda cha Ford cha Kanada, sio Marekani, ndo walitengeneza hizo za kulia. Ya Marekani upande wa dereva mlango wa mbele ulikuwa wa kuchorwa tu kwenye bati, haufunguki, ya Kanada unafunguka. Tafuta bawaba.

Hicho chuma kinachoning'inia ni hendeli ya kuwashia. Stata ya umeme ilikuja 1919 lakini hendeli iliendelea kuwepo kwa hiyo haikusaidii kwenye mwaka. Inakusaidia kwa babu. Kupiga hendeli sio nguvu tu, usipochelewesha cheche za moto kwanza kwa kile kijiti cha kwenye usukani, injini inarudisha teke, watu wamevunjika vifundo vya mikono sana kwa hilo. Wazee walikuwa wanafundishwa dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilikumbatie chuma. Na kuendesha kwenyewe, pedali tatu: ya kushoto ndo gia, ya kati ni rivasi, ya kulia breki, mafuta unavuta kwa mkono pale kwenye usukani. Tangi liko chini ya siti na petroli inateremka yenyewe bila pampu, mlima mkali kama wa kwenda Lushoto mafuta yakiwa kidogo hayafiki, inabidi ugeuze gari upande mlima kinyumenyume. Aliyeweza hayo miaka ile alikuwa fundi kamili, mimi neno "dereva tu" silikubali.

PichaZaKale

Kaka kabla ya yote usiseme usukani uko kulia mpaka uhakikishe picha haikuchapwa kinyume, ilikuwa inatokea negativu, ile filamu ya kuchapia picha, ikageuzwa. Angalia koti la babu, vifungo vya koti la mwanaume viko upande wake wa kulia na mfuko wa kifuani kushoto. Vikiwa kinyume basi na usukani umegeuka.

Rangi nayo usiiamini sana. Filamu nyingi za wakati ule zilikuwa hazioni rangi nyekundu, kitu chekundu kinatoka cheusi tii na anga la buluu linatoka jeupe. Bahati nzuri Ford kati ya 1914 na 1925 walitoa nyeusi peke yake.

La nani ni swali gumu zaidi, maana picha inaonyesha nani alikuwa karibu na gari, hati ya umiliki haionyeshi. Mwenye mali mara nyingi anakaa ndani, siti ya nyuma au kwenye usukani, na anayelitunza anasimama mbele. Lakini hapo hakuna mtu ndani kabisa, hiyo ni picha ya babu, mtu aliamua kumpiga yeye. Tazama chini kwenye udongo, jua likiwa mgongoni mwa mpigapicha kivuli chake kinaingia kwenye picha, na kofia yake utaiona. Tena usitumie picha ya simu, tafuta skana uiskani kwa dpi 1200, yaani nukta 1200 kwa inchi.

Na hili linaniuma kidogo ngoja niseme. Mjerumani Paul Graetz alitoka Dar na gari lake Agosti 1907 akavuka Afrika, akafika Swakopmund, Namibia ya leo, Mei 1909, jina linalotajwa ni lake, wakati gari lile lilikuwa linavutwa mitoni na watu wetu. Kwa hiyo ukishajua jina la babu liandike nyuma ya nakala, kwa penseli.

Binti_Ngamiani

Jamani tusikimbilie kusema mweusi pembeni ya gari ni dereva. Jack Johnson, bingwa wa ngumi wa dunia, kapigwa picha kwenye usukani wa magari yake mwenyewe, na Oktoba 1910 alishindana mbio za magari na dereva maarufu Barney Oldfield kule New York. Bei ya Model T Marekani ilishuka kutoka dola 850 mpaka 260 mwaka 1925, so kuna waliomudu. Ila na mimi kwetu kuna picha ya babu kakaa kwenye usukani na gari ni la mbao lililochorwa, la studio, na hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Muulizeni mjomba ushahidi wake ni nini.

Mjukuu_wa_Tanga

Asanteni sana, nimekaa nayo na lenzi tangu asubuhi. Vifungo viko kulia, kwa hiyo usukani ni kulia kweli. Nati za ringi zipo, nne nimezihesabu kwenye gurudumu la mbele. Bawaba sizioni, babu kaziba. Kivuli kipo! Miaka yote tulidhani ni doa, ni kichwa chenye kofia pana na viwiko vimetoka nje kama mtu aliyeshika kamera kifuani.

Nikamsomea mama ya hendeli. Akanyamaza, akasema kifundo cha mkono wa kulia cha babu kilikuwa kimepinda, wao waliambiwa alianguka. Kwenye picha mkono ulio juu ya taa ni wa kushoto, wa kulia umeingia ndani ya mkono wa koti siuoni. Jumamosi naenda kuiskani, nitaweka hapa.