Zoezi la kusogea wawili wawili kwa risasi za moto, mwenye uzoefu anipe mwanga

Kijana wa Kasulu: Wakuu habari za mchana. Mimi askari polisi bado mgeni kazini, nipo huku Kigoma, tumeambiwa tutaenda renji (uwanja wa shabaha) kufanya zoezi la kusogea kwa risasi za moto, yaani mmoja anapiga mwingine anakimbilia kinga halafu mnabadilishana. Sasa chuoni tulipiga shabaha tumelala, kila mtu na bango lake basi. Huyu mwenzangu atakuwa anapiga mimi nikiwa mbele yake?? Na huku porini miombo mitupu, kinga iko wapi?

Mzee wa Mninga: Dogo kwanza hongera kwa kuuliza. Humkimbilii mwenzako mbele ya mtutu, unapita pembeni na mnaacha nafasi kati yenu, akiona unakaribia mstari wake anaacha kupiga hapo hapo. Ndo maana mnapiga kelele, "nasogea!", unasubiri akujibu "sogea!" ndo unanyanyuka, asipojibu unabaki chini hata kama mkufunzi anakutukana. Mbio zenyewe sekunde 3 mpaka 5 tu unalala tena, na ukikimbia kidole kiko nje ya triga, SMG (bunduki yako) iko seif, yaani imefungwa isifyatuke. Wanaoumizana kwenye haya mazoezi mara nyingi ni wale wa kujikwaa kidole kikiwa ndani. Halafu mnaanza kavu bila risasi, mkielewana mnaenda risasi baridi (zile za mlio tu), ya moto ndo ya mwisho. Wakitaka kuruka hizo hatua omba kwa adabu mrudie kavu.

Mla Migebuka: Kinga huku kwetu ni kichuguu mkuu, vile vikubwa vya miombo udongo wake umeshikana kama saruji. Chungulia kwa pembeni usichungulie juu, ukitokeza kichwa juu unaonekana kote. Na usikigande, kaa nyuma kidogo ili mtutu usitokeze na vumbi la risasi lisikuingie machoni. Ila piga jicho kwanza kwenye mashimo, koboko naye anapenda hapo 😂 Nyasi ndefu na vichaka vinakuficha tu, risasi inapita. Mti mwembamba ndo kabisa usijidanganye.

Bwana Reli: Kwani hii si kazi ya jeshi? Polisi na mambo ya kusogea porini wapi na wapi.

Mzee wa Mninga: @Bwana Reli wewe hukupanda basi la Kibondo enzi zile za majambazi wa barabarani nini, basi halitoki bila askari wenye bunduki ndani. Wakikutegea kwenye kona utatuma salamu jeshini waje? Na hapo ndo watu wanajibanza nyuma ya mlango wa Landcruiser, bati lile, risasi ya 7.62 ya SMG inatoboa. Nenda upande wa injini, kaa usawa wa tairi la mbele.

Kijana wa Kasulu: Shukrani sana wazee wangu. Na risasi zikiisha katikati ya zoezi mwenzangu yupo njiani?

Mla Migebuka: Usingoje iishe. Badili magazini kabla hujamruhusu asogee, na ikikuishia au ikikwama mpigie kelele ajue, alale. Na nunua vizibo vya masikio vya maana, pamba haisaidii kitu.

Bwana Reli: Haya nimenyooshwa 😅 dogo ukimaliza rudi utuambie.