Tupeane uzoefu: tarehe na saa zilizokuvuruga kwenye programu uliyoandika mwenyewe

Kipanga
Wakuu, mhasibu kanipigia asubuhi hii kuuliza mbona malipo ya mwezi wa tatu yanasoma wa nne. Nikakumbuka mbali. Mfumo wa chama cha kuweka na kukopa: karani anaandika 04/03/2025 akimaanisha tarehe nne Machi, JavaScript kwenye brauza inasoma Aprili 3. Waliolipa kwa wakati wakatozwa faini ya kuchelewa. Ubaya wake haipigi kelele. Tarehe 1 mpaka 12 inageuza kimya kimya, ikifika 13 ndipo inagoma, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu. Na sisi tulikuwa tumeijaribu kwa 03/03!
Siku hizi fomati naiweka sehemu moja tu kwenye mipangilio. Ndani ni 2025-03-04, ile ya ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe: mwaka, mwezi, siku. Mtu anaonyeshwa 4 Machi 2025, mwezi kwa jina.

Ngalawa
Hilo la 03/03 limenikuta kama lilivyo.

Shangazi wa Databesi
Wa lugha ya Java, mkiandika fomati ya tarehe angalieni YYYY kubwa. Ule ni mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki nzima inahesabiwa, si wa kalenda. Desemba 30, 2024 risiti zetu zote zilitoka na mwaka 2025. Andikeni yyyy ndogo.

Nahodha07
Mnajichosha. Weka saa ya Nairobi kwenye seva, basi. Huku kwetu hatusogezi saa.

Shangazi wa Databesi
Unapotosha vijana. Tunza kwa UTC, ile saa moja ya dunia nzima isiyosogezwa, geuza wakati wa kuonyesha. Seva ikiwa kwa saa za Ulaya, saa yake inasogezwa mbele Machi na kurudishwa nyuma Oktoba.

Nahodha07
Nimesema Africa/Nairobi, sijasema ya Ulaya. Soma kwanza, dada.

Binti Pwani
Naomba nirefushe kidogo, hili bado linaniuma. Tulitengeneza meseji za kukumbusha kliniki ya watoto. Databesi safi, UTC safi, kila kitu kama anavyosema Shangazi. Meseji ikaandika: "Mlete mtoto Jumanne 4 Machi saa 08:00." Mama mmoja akasoma saa nane, kama ambavyo yeyote kati yetu angesoma. Akafika saa nane mchana kweli, mtoto wa miezi tisa mgongoni, kwa mguu. Chanjo ya surua ikishachanganywa haivuki saa sita, na ile chupa ilifunguliwa saa mbili asubuhi. Ilishatupwa. Muuguzi akanionyesha simu ya yule mama, kioo kimepasuka, meseji yangu ipo pale na ile 08:00. Sikuwa na la kujibu.

Ngalawa
Dah. Alirudi?

Binti Pwani
Alirudi wiki iliyofuata, mtoto akachanjwa. Wengine waliochelewa siku ile sijui.

Kipanga
Pole sana. Sasa unageuzaje? Maktaba ya msimbo niliyonayo ukiiambia Kiswahili inatafsiri jina la mwezi, lakini saa inaiacha 08:00.

Binti Pwani
Toa 6. Jibu likiwa 0 au chini ya hapo ongeza 12, likizidi 12 punguza 12. Halafu lazima ufuatishe asubuhi, mchana, jioni au usiku. Jaribu kwa 06:00 na 18:00, zote zitoke kumi na mbili.

Nahodha07
Mimi ningeandika zote mbili, 08:00 na saa mbili asubuhi.

Shangazi wa Databesi
Ndiyo kumchanganya mama wa watu zaidi. Moja tu!

Ngalawa
Na sisi wa tiketi za basi? Gari linaondoka saa 9 usiku, Jumanne. Nusu ya abiria wanakuja Jumatatu usiku, nusu Jumanne usiku.

Binti Pwani
Andika "usiku wa kuamkia Jumanne."