Karafuu za kilimani na majirani wa bondeni: tupeane uzoefu

Assalaam alaykum ndugu. Vijiji vyetu vya Pemba vimekaa vilimani, mikarafuu mteremkoni, mpunga bondeni kwenye maji. Tuandikiane habari za kuchuma na kuanika, maana karafuu nyingi huharibikia mikononi mwetu.

Mpanda Mkarafuu: Chuma kishada kikianza kuingia wekundu, kabla maua hayajafunguka. Yakifunguka, vichwa hudondoka na daraja hushuka. Tawi la mkarafuu hukatika kirahisi, si kama la mpera. Livute taratibu kwa kigoe (fimbo yenye ndoana), ukifunge kwa kamba ili mikono miwili ibaki huru. Tawi likivunjika, msimu ujao pale hapana kitu. Na mvua ikinyesha msipande mpaka gome likauke, nawasihi.

Ukonyo: Chambua siku ile ile: kishada unakisukuma kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo (vijiti vya kishada) kule. Makonyo msiyatupe, yana soko, hutolewa mafuta kiwandani Wawi, hapa hapa Pemba. Kosa kubwa kuliko yote ni kulaza karafuu mbichi guniani. Usiku zinapata joto. Asubuhi ukitia mkono unasikia vuguvugu na harufu ya kuchacha. Hizo zikikauka hupauka na kukunjamana, na hakuna jua la kuzirudisha. Usiku ukiingia hujamaliza, zitandaze jamvini ndani ya nyumba.

Jirani wa Bondeni: Bondeni jua huchelewa kufika na huwahi kuondoka, mteremko na minazi vinalizuia. Heri kupandisha mapakacha kwa jirani wa kilimani, kwenye upepo. Yeye naye atashuka kwako wakati wa mpunga. Tandaza jamvini tabaka jembamba, ugeuze mara kwa mara. Jua likikaza, siku 4 au 5. Mawingu yakizidi, hata wiki. Kuanika kwenye lami ya barabara tuache: mchanga na mafuta ya gari huganda kwenye karafuu.

Mpanda Mkarafuu: Kupima ukavu, vunja moja. Ikilia "tak" tayari. Ikipinda, irudi juani. Kilo 3 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu, basi mtu asidhani kaibiwa.

Mgeni wa Shamba: Ami, na umande?

Ukonyo: Anua kabla ya magharibi, mwanangu, jamvi likunjwe na karafuu zake. Asubuhi subiri nyasi zikauke ndiyo utandaze. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) hununua kavu na safi, kwa hiyo peta kwa ungo kabla ya kutia guniani.