Nyigu wanaochimba mchanga karibu na chanja za dagaa: ni nani hawa?

Mama Dagaa, Katonga (Kigoma)
Habari zenu. Naanika dagaa hapa Katonga mwaka wa sita sasa. Tangu mvua ziishe, ule mchanga mkavu wa juu ya mwalo umejaa vitundu, penseli inapita. Wenyewe ni nyigu wa mistari myeusi na manjano iliyopauka, macho makubwa ya kijani. Wanachimba kama mbwa: miguu ya mbele inafukua, mchanga unarukia nyuma chini ya tumbo, unausikia kabisa ukigonga turubai. Hajaumwa mtu, ila kijana wangu anatembea peku na keshaniomba hela ya mafuta ya taa ayamwage humo.

Kilichonishangaza ni hiki. Juzi nilisogeza chanja moja kama hatua tatu. Nyigu akarudi kabeba kitu, akatua kule chanja ilikohamia, akafukua, akaruka, akazunguka, akafukua tena. Na tundu lake nalijua, liko palepale pa zamani! Ana wazimu?

Mwalimu Mstaafu
Mama, mafuta ya taa tia kwenye karabai. Kwa hayo macho na huo urushaji mchanga, huyo ni wa jamii ya Bembix. Hakikisha kwa kuangalia anachobeba. Wenzake wa ardhini wapo wanaowinda viwavi, wapo wa panzi. Bembix ni wa nzi, na penye dagaa nzi hawakosekani.

Hawana malkia wala askari. Kila jike na tundu lake, hata wakichimba jirani, ndiyo maana hawakuvamii kama dondora wa darini. Ukimkanyaga au kumbana atachoma, hilo ni haki yake. Madume hayana mwiba.

Wengi wa hao wachimbaji hujaza chakula, hutaga, hufunga, basi. Bembix ni mama hasa: analeta nzi siku baada ya siku, na mtoto akikua anamwongezea. Kila akitoka anafukia mlango, kwa hiyo akirudi haoni tundu, anasoma alama za jirani. Alama yake ilikuwa chanja yako. Mholanzi Niko Tinbergen, mtafiti wa tabia za wanyama, alizungushia tundu la nyigu mwingine matunda makavu ya msonobari, kisha akayahamishia pembeni nyigu akiwa mawindoni. Nyigu akatua katikati ya duara lisilo na tundu. Aliyachapisha hayo 1932, na 1973 alikuwa mmoja wa watatu waliogawana Nobeli. Wewe umefanya kwa chanja, bila hata nauli.

Mrina Asali wa Sikonge
Shikamoo Mwalimu. Huyo nyigu wa Tinbergen sisi wa Tabora usitusifie. Ni Philanthus, windo lake nyuki wa asali: anamchoma, anamkumbatia chini ya tumbo, anaruka naye hadi shimoni. Mama, kama wako wanabeba nzi, ningekuwa mimi ningewakaribisha chai.

Mama Dagaa, Katonga (Kigoma)
Marahaba nyote, nimecheka. Leo saa nne, jua limeshika, nimekaa kwenye ndoo kuwachungulia. Ni nzi kweli: wawili wale wa kijani, mmoja wa kawaida wa nyumbani. Chanja nimeirudisha mahali pake, na yule bibi akashuka moja kwa moja mlangoni. Hela ya mafuta ya taa nimemnunulia kijana kandambili.