Doki moja, laptopu tatu: Windows inakubali, Mac inagoma

Mhasibu wa Moshi:
Wakuu, habari za jioni. Ofisini kwetu tuna meza moja yenye monita mbili za inchi 24, tunaipokezana watu watatu. Nimenunua doki ya USB-C ili kila anayekaa achomeke waya mmoja aanze kazi. Laptopu yangu ya Windows inawasha monita zote mbili: ankara huku, hesabu kule. Mwenzangu wa MacBook Air M1 akichomeka, zote mbili zinaonyesha picha ileile. Kijana wetu wa tovuti yuko kwenye Ubuntu, aina ya Linux. Picha anazipata, ila kipanya chake kisicho na waya kinarukaruka. Muuzaji aliniapia kwamba USB-C zote ni sawa. Niirudishe? Hela niliyotoa ni ya mfukoni mwangu.

Jirani wa Arusha:
Anza na waya. Nyaya nyingi za chaji hazibebi picha, hata kama kichwa kinafanana.

Mhasibu wa Moshi:
Natumia uliokuja na doki, mkuu.

Fundi wa Tanga:
Usiirudishe, nzima hiyo. Inavyoelekea inatumia MST, yaani mkondo mmoja wa picha wa DisplayPort unaogawanywa ndani ya doki. Windows na Linux zinauelewa mgawanyo huo; macOS haiutumii kupanua skrini, ndiyo maana jamaa anapata picha pacha. Na hata mkimnunulia doki ya Thunderbolt, ile ya kasi zaidi na ya bei kali, Air ya M1 yenyewe inaendesha monita moja tu ya nje. Dukani hawasemi hilo. Inaniuma sana kuona mtu ananunua doki ya pili, kumbe kikomo kiko kwenye laptopu.

Kilichobaki kwake ni DisplayLink: programu inaibana picha, inapita kama data ya kawaida ya USB, chipu ya adapta inaifungua upande wa pili. Achukue adapta ndogo ya DisplayLink ya kwenda HDMI, aichomeke kwenye tundu la pili la Mac, aweke DisplayLink Manager na akubali ruhusa ya kurekodi skrini. Bila ruhusa hiyo haoni kitu.

Ila msihamishie meza nzima huko. Wa Ubuntu ataumia. Kwenye Linux, DisplayLink inategemea kipande cha programu kiitwacho moduli ya evdi, nayo lazima ijengwe upya kila kerneli (kiini cha mfumo) inaposasishwa. Siku ikishindwa, monita zinabaki giza wakati mteja anasubiri. Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka) ikiwa imewashwa, moduli inataka na saini. Alichonacho leo hakidai draiva ya ziada, akiache hivyohivyo.

Kipanya sasa. Vifaa vya USB 3 hutoa kelele ya redio kwenye gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya vipanya vingi. Intel walilieleza tangu 2012. Tafuta waya wa kurefushia wa USB 2.0, kipokezi cha kipanya kikae mbele ya kibodi, mbali na doki.

Mhasibu wa Moshi:
Kipanya kimetulia tangu asubuhi, Mungu akubariki. Adapta naagiza. Moja tu: umeme ukikatika ukarudi, monita ya kushoto haiamki.

Fundi wa Tanga:
Doki ina programu yake ndani, nayo hukwama. Chomoa laptopu, chomoa umeme wa doki, hesabu nusu dakika. Rudisha umeme kwanza, monita ziwake, laptopu iwe ya mwisho.