Mrejesho: mawe ya karibu na vilima vya mbali, vyote vikali

Wakubwa, aksanti sana. Niliuliza namna gani, kwa kamera ya filamu za inchi 4x5, nitapata mawe ya ufukweni na vilima vya Rwanda ng'ambo ya Kivu vyote vikionekana vikali, yaani wazi bila kufifia, na bila kufunga tundu la lenzi hadi f/64, lile dogo sana.

Yule aliyesema "inamisha lenzi mbele" alikuwa na haki. Lenzi yangu ni milimita 150, nayo ilikuwa kama mita moja na nusu juu ya mawe, pale upande wa Muhumba, hapa Bukavu. Kwa hesabu yake, lenzi inatakiwa kuinama karibu digrii 6. Ni kidogo kuliko nilivyodhani! Chini ya kitambaa cheusi, picha imesimama kichwa chini, niliona mawe na vilima vinakuja pamoja.

Lakini mkaratusi mrefu wa karibu ulikataa. Ukiinamisha lenzi, eneo kali linalala chini kama mkeka, na kilele cha mti kinabaki nje yake. Nikafunga tundu hadi f/32, kikakaa vizuri.

Jioni kipimo cha mwanga kilisema sekunde 10. HP5 Plus, filamu yangu ya nyeusi na nyeupe, inataka karibu 20, maana filamu huchoka kwenye mwanga hafifu. Ziwa likatoka laini, pirogi ya mvuvi ikapotea kabisa. Mimi napenda, mke wangu hapana.

Filta ya njano bado sijaijaribu. Nangoja mvua ioshe vumbi la kiangazi.