Naombeni ushauri: nimepewa somo la Pentekoste kwa vijana, nimekwama

Mtumishi_Mdogo: Wakuu habari zenu. Jumapili ijayo nafundisha vijana somo la Pentekoste, ile siku Roho Mtakatifu aliwashukia wanafunzi wa Yesu, ndo mara yangu ya kwanza kusimama mbele za watu na nimesoma Matendo ya Mitume sura ya 2 mpaka nimechanganyikiwa. Kanisa lilianza siku ile au lilikuwepo tangu Yesu alipowaita wale 12? Nianzie wapi? Usingizi sipati kabisa. Naomba kuwasilisha.

Karani: Anzia Walawi 23, wengi wanaparuka. Wayahudi walihesabu majuma saba, siku ya 50 wanaleta malimbuko ya ngano, mikate miwili yenye chachu. Pentekoste kwa Kigiriki ni "ya hamsini" basi. Ndo maana Yerusalemu ilijaa wageni, Waparthi, Wamisri, watu wa Libya, Krete, Uarabuni, bila sikukuu ule umati unatoka wapi? Kanisa sasa: watu kama 120 walishakuwa wanakutana kusali na Mathiya keshachaguliwa kuziba nafasi ya Yuda, ila siku ile ndo walitoka hadharani wakaongezeka kama 3,000. Kwangu mimi lilizaliwa hapo.

Mama Tumaini: Mwanangu, Walawi haimnyimi mtu usingizi. Kuna kitu hujasema.

Mtumishi_Mdogo: Hakuna mama, woga tu.

Kijana wa Kwaya: Mimi mara ya kwanza nilisoma sura nzima siyo yenyewe na watu wakaitikia amina 😂 Petro mwenyewe kaambiwa kalewa saa tatu asubuhi, we nenda tu.

Mama Tumaini: Baada ya somo wanataka ufanye nini?

Mtumishi_Mdogo: Sawa nasema. Nikimaliza natakiwa niwawekee vijana mikono wajazwe Roho, kwa sababu mimi "nilijazwa" mwaka jana. Ukweli ni kwamba siku ile mzee ameshika paji langu, ananisukuma kidogo kidogo kwa nyuma, wenzangu wote wameshaanza kunena kwa lugha (maneno ya lugha ambayo mtu hakujifunza) nimebaki mimi, nikawa narudia silabi nilizozisikia kwa dada aliyekuwa mbele yangu. Watu wakashangilia. Sasa kuna binti wa miaka 15 ananiuliza mbona yeye hapewi, Mungu kamkataa? Ila nimeshaamua kama nusu hivi, nitafundisha historia tu, maombi nawaachia wazee. Sioni kama nimedanganya sana, na nikisema sasa nitawavunja watoto imani.

Mlinzi wa Zamu: Hujadanganya sana? Soma Anania na Safira, Matendo 5. Tubu.

Karani: Taratibu mkuu, wale waliuza kiwanja wakaficha hela, huyu alisukumwa kichwa. Mtumishi, angalia hivi: Samaria walibatizwa kwanza Roho akaja baadaye, kwa Kornelio, yule akida wa Kirumi, Roho akatangulia maji yakafuata. Utaratibu mmoja haupo. Na Paulo anauliza kabisa 1 Kor 12:30, wote hunena kwa lugha? Jibu ni hapana. Halafu siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha yake mwenyewe, yaani alielewa. Huyo binti ameelewa nini kwako?

Jicho la Tatu: Chai hii. Juzi hujawahi kufundisha, leo binti anakuuliza kama mwalimu wake. ID yenyewe ina siku mbili.

Kijana wa Kwaya: Hata mi nilishtuka.

Mlinzi wa Zamu: Mods fungeni uzi, watu wanachezea mambo matakatifu.

Mtumishi_Mdogo: Nawapanga vijana kwenye nyimbo ndo ananijua. ID nimefungua mpya kwa sababu ile nyingine watu wa kanisani wanaijua, mngekuwa nyie mngeandika kwa ile?

Mama Tumaini: Iwe chai isiwe chai, mimi nilikuwa huyo binti. Miaka 11 nakaa benchi la nyuma, wakianza kuita watu mbele natoka kama naenda chooni, nasimama nje mpaka waimbe wimbo wa mwisho. Hakuna aliyeniambia kwamba wengine walikuwa wanaiga. Mtafute leo, usingoje Jumapili.

Mtumishi_Mdogo: Mama, nikimwambia ataniuliza, na wale wengine je?

Mama Tumaini: Ya wengine huyajui. Mwambie yako.